Naitrojeni chini ya barafu

Ndugu, umeuliza kama bakteria wanaonasa naitrojeni (yaani wanaogeuza gesi ya naitrojeni kuwa chakula cha viumbe) wanaishi pia kwenye bahari za ncha za dunia, maana vitabu vingi vinawataja kwenye maji ya joto tu. Wapo. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba UCYN-A, aina mojawapo ya bakteria hao, ananasa naitrojeni katika bahari za Bering na Chukchi, kati ya Alaska na Urusi, na 2020 wengine wakaripoti unasaji huo chini ya barafu ya Antaktika. UCYN-A haishi peke yake: yumo ndani ya mwani wa seli moja, na 2024 ilionyeshwa kuwa ameshageuka kiungo cha seli hiyo, kama kloroplasti.

Kazi iko kwenye kupima. Unajaza chupa maji ya bahari, unaingiza gesi ya naitrojeni-15 (naitrojeni nzito kidogo inayotumika kama alama), unaiacha takriban saa 24 kwenye baridi na mwanga uleule wa baharini, kisha unachuja na kupima kilichoingia kwenye seli. Kuikuta jeni ya nifH, ile ya kunasa naitrojeni, pekee hakutoshi. Inaonyesha uwezo, si utendaji. Na gesi ikiwa na uchafu wa amonia yenye naitrojeni-15, ambayo seli huichukua moja kwa moja, utahesabu unasaji ambao haukutokea. Kwenye maji baridi, ambako viwango mara nyingi ni vidogo, hapo ndipo unapoumbuka.