Muulize Shangazi: Hospitali ya bure ililipiwa na nani?

*Shikamoo Shangazi. Mimi nakaanga samaki Makorora, hapahapa Tanga. Mume wangu na mdogo wake aliyeko Uingereza wanabishana kwenye simu kila Ijumaa. Shemeji anasema huko mtu anapasuliwa, analala wodini, anarudi kwake bila kutoa hata senti, na sisi turudishe hospitali za bure kama enzi za Mwalimu. Mume wangu anasema cha bure hakithaminiwi, watu watajazana kwa kila mafua. Juzi kapita mwandikishaji wa bima mtaani, nami sijui nimsikilize nani.*
*Mama Samaki, Makorora*

Marahaba mwanangu.

Nilikuwa muuguzi tangu enzi hizo anazozisifu shemeji yako, basi nianze naye. Huko aliko hospitali ni za serikali kweli, tangu Julai 5, 1948, na mgonjwa hadaiwi akiwa kitandani. Lakini mshahara wake unakatwa kodi na mchango kabla haujamfikia, na kama alikwenda kwa viza ya miaka, huenda alitozwa ada ya afya kabla hajapanda ndege. Muulize pia habari za Aneurin Bevan, waziri aliyeuanzisha mpango wenyewe. Mwaka 1951 alijiuzulu kwa sababu serikali yake iliamua watu walipie meno ya bandia na miwani. Haijatimia hata miaka mitatu! Kumbe wenzenu huu ubishi wa Ijumaa wameuanza zamani.

Hapa kwetu, baada ya Azimio la Arusha la 1967, zahanati zilifika vijiji ambavyo havijawahi kumwona muuguzi, na 1977 tiba ya biashara ikapigwa marufuku. Ukija unatibiwa, basi. Hilo silibezi hata siku moja. Kisha ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda, mkonge wetu ukakosa bei, hazina ikakauka. Miaka ya themanini glavu tulikuwa tunazifua na kuzianika kwenye kamba. Zikikauka unapuliza moja moja kutafuta tundu, zilizo nzima unazitia poda zikapikwe upya. Mgonjwa alikuja na daftari la shule ili daktari apate pa kuandika. Matibabu yalikuwa bure, ila kabati la dawa lilikuwa tupu. Mwaka 1993 ndipo watu walipoanza kuambiwa wachangie.

Sasa mumeo. Mwulize, nani ataacha karai la samaki jikoni aje akae benchi tangu alfajiri kwa raha ya kuchomwa sindano? Nilichokiona kwenye dirisha la malipo ni kinyume cha anachokihofia. Mama anafungua pindo la khanga, anahesabu noti zilizolowa jasho, hazitoshi, anafunga tena pindo lake na kuondoka kimya. Hagombi. Anarudi siku ya nne, mtoto kashapauka viganja, malaria imekula damu. Siku ya kwanza ilikuwa vidonge. Sasa ni dripu, damu ya kuongezewa, na mjomba wa kuitwa aje kuitoa hiyo damu. Kwa hiyo ile ada haikumwokolea serikali kitu.

Misamaha ipo, najua: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasio na uwezo. Imebandikwa ukutani. Ila ukiambiwa "dawa hakuna, kanunue nje", tangazo halikusaidii kitu.

Mimi nasimama hapa: pesa itolewe mtu akiwa mzima, kila mmoja kwa uwezo wake, asidaiwe akiwa hoi. Kodi inaweza hilo kuliko bima ya kiwango kimoja. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilipoanza 2018 ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, sawasawa kwako wewe wa karai na kwa mwenye ghorofa Raskazone. Hapo sijaridhika, na sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 haijanitoa shaka hiyo. Na asikwambie mtu kuwa wewe hulipi kodi. Kila ukinunua sabuni au vocha, VAT ya asilimia 18 imo humo.

Lakini homa haisubiri Bunge, kwa hiyo jiandikishe. Usilipe kwanza. Nenda kwenye zahanati yenu asubuhi ya siku ya kazi, kaa karibu na dirisha la dawa, usikie wenye kadi wanajibiwa nini. Ukiridhika, lipa kipindi cha kaskazi samaki wakiwa wengi, usingoje kusi pesa ikiwa ya mawazo. Hakikisha majina ya watoto wote yameingia, hata yule anayelala kwa bibi yake.

Na shemeji, kwa kuwa habari hii anaipenda sana, Ijumaa hii mwambieni atume mchango wa kaya ya mama yake.