Kumuuguza mama aliyepooza, hapa Malindi

Dadangu, pole sana. Umesema mama ana miaka 74, kiharusi kimemlaza, uko naye peke yako Shella, na unauliza kama serikali hutuma mtu wa kumhudumia nyumbani.

Mtu wa kushinda naye kutwa kwa malipo ya serikali, usimtarajie. Ila mtaa wenu una mhamasishaji wa afya ya jamii. Tangu 2023 wanapewa posho na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Muulize mzee wa mtaa ni nani, mwite. Mimi nilipomuuguza baba nilichelewa kumwita, nikawa nampakia kwenye tuktuk kila wiki kwa presha tu, na kila safari ilimtesa.

Halafu kuna Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Peleka kitambulisho chake kwa chifu au ofisi ya ustawi wa jamii, na kwa kuwa hawezi kutoka, omba uandikwe wewe kuwa mlezi wake. Usajili huenda kwa awamu, na malipo huchelewa. Usiyategemee kwa dawa za mwezi huu.

Mgeuze kila baada ya saa mbili, hata usiku, ukague kiuno na visigino. Wekundu usiotoka ni mwanzo wa kidonda, mwite mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Nao nduguzo walioko Mombasa, usiwaombe tena pesa tupu. Wapangie zamu za kuja, nawe ulale.