Doa jekundu chini ya gari

SWALI: Fundi shikamoo, nina Corolla ya 1998 otomatiki, nakaa Kisasa hapa Dodoma. Kila asubuhi nakuta doa jekundu chini, na siku hizi nikiweka D inachelewa kushika. Fundi wa mtaani anataka ashushe gia boksi. Nikubali?

JIBU: Marahaba, asishushe kitu kwanza! Hiyo nyekundu huenda ni oili ya gia boksi, ila stelingi pawa nayo mara nyingi inatumia hiyohiyo, so usikimbilie kulaumu. Osha chini ya gari, na vumbi letu la Dodoma ndo linaficha kila kitu, kausha, halafu tandika katoni usiku. Tone likiwa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi) ni gasketi, panapoingia shafti ya tairi ni oili sili (mpira unaozuia oili), karibu na rejeta ni mipira ya kupoozea oili ya gia boksi, zote hizo zinafungwa bila kushusha. Likitoka katikati ya injini na gia boksi, hapo sawa ashushe.

Bolti za sampu zikazwe kidogokidogo kwa kuzunguka, mafundi wetu wanapenda nguvu mno, sampu inapinda na inavuja zaidi. Kuchelewa kushika ni dalili oili imepungua, pima kwa stiki ya gia boksi injini ikiwaka na imepata moto, gia ikiwa P, ongeza kabla hujaendesha tena.