Re: Mzee kapunguzwa kazi baada ya miaka 18, kiinua mgongo kinapigwaje?
Ndugu pole sana, miaka 18 kiwandani Vingunguti halafu anapunguzwa inauma kwakweli. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya 2004 inasema kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika ila mwisho miaka 10, kwahiyo kisheria anahesabiwa siku 70 tu, tena kwa besiki (mshahara wa msingi), posho haziingii. Mi naona hicho kikomo kinawaonea waliokaa muda mrefu. Acheki mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama chao cha wafanyakazi na mwajiri, unaweza kuwa na zaidi. Mafao ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni hela nyingine kabisa wasimchanganye. Adai pia notisi, likizo ambazo hajaenda na cheti cha utumishi. Asisaini karatasi ya kwamba hana madai kabla hajalipwa, wakizingua aende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) mapema, kupinga kuachishwa mwisho siku 30