Mume wangu anabakiza nusu ya sahani

SWALI: Shikamoo Mama. Mume wangu alipata kiharusi wiki saba zilizopita. Mkono na mguu vimepata nguvu, na anaongea vizuri. Ila kila mlango anaupiga bega la kushoto, na chakula cha upande huo wa sahani anakiacha, kisha ananiuliza mbona nimempakulia kidogo. Tumenunua miwani mpya, haijasaidia. Anasema jicho la kushoto limekufa. Je, kuna dawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana.

Sidhani kama jicho limekufa. Kaa mbele yake, azibe jicho moja kwa kiganja huku akitazama pua yako, kisha azibe la pili. Kama upande wake wa kushoto unapotea mara zote mbili, kasoro haiko kwenye jicho. Kila jicho huona kulia na kushoto, na yote yaliyo kushoto, kutoka macho yote mawili, husomwa nyuma ya ubongo, upande wa kulia. Huko ndiko kiharusi kinakoharibu, na miwani ya kawaida haifiki huko.

Nimewahudumia wagonjwa wa namna hii miaka mingi, na bado mama yangu alipopatwa nilidhani amekichoka chakula changu. Siku moja nikaizungusha sahani nusu duara. Akaendelea kula bila kusema neno, mpaka akamaliza. Nililia jikoni.

Hilo la kulalamika kupakuliwa kidogo linanitia wasiwasi. Mpe karatasi achore saa ya ukutani. Akibananisha namba zote upande wa kulia na kuona saa imekamilika, huenda ubongo umeacha kabisa kuujali upande wa kushoto. Hilo ni tatizo jingine, na mara nyingine yote mawili huja pamoja. Mpelekee daktari karatasi hiyo, na umwombe apimwe upana wa kuona, si herufi za ukutani peke yake.

Kidonge cha kurudisha uoni huo hakuna. Kinachorudi chenyewe hurudi zaidi miezi 3 ya mwanzo, kwa hiyo bado mna nafasi. Kinachosaidia ni mazoezi ya kutafuta: ageuze kichwa na macho kushoto, mbali kuliko anavyodhani inatosha, kabla ya kuvuka mlango, kila mara, mpaka iwe mazoea. Akisoma, bandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa. Asianze mstari kabla hajauona wekundu. Rula chini ya mstari nayo inafaa. Ipo miwani ya prizimu inayosogeza picha. Wengine huwafaa, wengine huwachosha, kwa hiyo ajaribishwe na mtaalamu kwanza.

Ukimwendea kutoka kushoto, sema kwanza. Mama alikuwa akishtuka mpaka anatetemeka, nasi tukidhani ni hasira.

Funguo za gari zitunze wewe, hata akikuambia anaona vizuri, mpaka daktari aliyempima aruhusu. Na kama uoni utapungua tena ghafla, au aanze kuona vitu viwili viwili, msisubiri miadi: hospitali saa hiyo hiyo.