Kwa mnaoanza kutangaza gofu: mwulizeni kwanza mwenye mashindano

Jumatatu tarehe 22 Mei 2023, katika taarifa ya michezo ya asubuhi, niliwatangazia wasikilizaji wa Lubumbashi kwamba mcheza gofu Brooks Koepka amesamehewa na PGA Tour, kwa kuwa siku iliyotangulia alikuwa ametwaa ubingwa wa PGA Championship huko Oak Hill, Marekani, ilhali bado alikuwa mchezaji wa LIV, ligi pinzani ya PGA Tour. Hakuna aliyekuwa amemsamehe. Niliona herufi tatu zinazofanana, nikadhani nyumba ni moja.

Wadogo zangu mnaoingia katika kazi hii, kosa hilo ndilo lililonifundisha kuanza kila habari ya gofu kwa kuuliza mashindano ni ya nani. PGA Championship ni ya PGA of America, chama cha wataalamu wanaofundisha gofu na kuhudumu katika klabu. PGA Tour, inayoendesha mashindano ya wiki baada ya wiki, ilijitenga nacho mwaka 1968. Masters ni mali ya klabu ya Augusta National, U.S. Open ni ya USGA, chama cha gofu cha Marekani, na The Open ya Uingereza husimamiwa na R&A. Kwa hiyo, PGA Tour ilipowasimamisha wachezaji waliokwenda LIV mwezi Juni 2022, siku ileile mashindano ya kwanza ya LIV yalipoanza karibu na London, adhabu hiyo haikufunga milango ya wenye nyumba wengine. Jon Rahm, bingwa wa Masters wa mwaka 2023, alijiunga na LIV Desemba mwaka huohuo, na Aprili iliyofuata alikuwa Augusta akicheza.

Jambo la pili ni vitenzi. Tarehe 6 Juni 2023, PGA Tour, DP World Tour ya Ulaya na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, ambao ndio uliokuwa ukigharamia LIV, walitangaza makubaliano, na taarifa nyingi za Kifaransa zilizotufikia zikaandika «fusion», yaani muungano. Mwenzangu alikwisha kuandika «wameungana». Nilikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake «wamekubaliana kujadili muungano», naye akanung'unika kwamba sentensi imekuwa ndefu kuliko pumzi yake. Muda waliojiwekea, yaani tarehe 31 Desemba mwaka huo, ulipita bila mkataba kamili. Afadhali mtangazaji akose pumzi.

Msisahau pia kwamba kwa msikilizaji wetu wa Kamalondo, Golf ni jina la mtaa kabla ya kuwa mchezo, na bingwa anayemjua ni klabu ya soka ya Mazembe, ambayo hushinda kwa kufunga mabao mengi. Mwelezeni kila mara kwamba hapa anayepiga mara chache ndiye mshindi. Rory McIlroy alipomaliza Masters ya Aprili 2025 akiwa na mapigo 11 pungufu ya kipimo cha uwanja, sawa na Justin Rose, kisha akamshinda katika shimo la nyongeza, nililazimika kutumia nusu ya dakika zangu kueleza hesabu hiyo kabla ya kufika kwenye habari yenyewe: amekuwa mtu wa sita kukamilisha mataji yote manne makubwa, yaani PGA Championship, Masters, U.S. Open na The Open.

Na hesabu zenyewe hubadilika. LIV ni 54 kwa tarakimu za Kirumi, idadi ya mashimo ya siku tatu, lakini kuanzia mwaka 2026 wanacheza siku nne, mashimo 72, na jina limebaki lilelile. PGA Tour nayo imepunguza nafasi za uanachama kamili zinazopatikana kwa msimamo wa msimu kutoka 125 hadi 100. Karatasi ya mwaka jana isisomwe mwaka huu.

Koepka mwenyewe aliaga LIV Desemba 2025, na Januari 2026 PGA Tour ikamrudisha kwa masharti, mojawapo likiwa kutoa dola milioni 5 za hisani. Nilikuwa zamu. Nilisoma taarifa hiyo mara tatu, nikatazama jina la aliyeitoa, ndipo nikaandika: amesamehewa.