Mkaa wa mama, chura wa Kihansi na mwalimu tarajali wa sayansi

Walimu tarajali wa Biolojia na Kemia walioko kwenye mazoezi ya kufundisha wameniandikia mengi kuhusu mazingira. Karibu wote wamekwama mahali pamoja: sayansi imeshasema yake, lakini swali la haki bado limesimama mbele ya darasa.

Swali: Shikamoo mkufunzi. Nilikuwa nafundisha ukataji miti kidato cha pili. Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo mama yangu anayeuza mkaa anatenda dhambi?" Nikaliruka swali, nikaendelea na andalio langu la somo. Nilikosea?

Jibu: Marahaba. Ndiyo, usingeliruka. Tazama ulichoandika ubaoni: "uharibifu wa misitu". Uharibifu haupimwi kwa mizani wala kwa kipimajoto. Hiyo ni hukumu. Ulishahukumu kabla binti hajanyoosha mkono, naye akasikia. Rudi darasani uyatenganishe mambo mawili. Sayansi inasema tanuri la udongo hupoteza zaidi ya nusu ya nishati iliyomo kwenye kuni, na kwamba mti haukui kwa kasi ya shoka. Sayansi haisemi nani abebe lawama: anayechoma, anayeuza, au sisi wa mjini tunaopikia. Waulize wanafunzi gunia moja linapita mikono mingapi kabla ya kufika jikoni kwako, mwalimu. Binti yule ataona kuwa mama yake hakusimama peke yake kizimbani.

Swali: Tulijadili chura wa Kihansi. Wengi tulisema umeme wa nchi hauwezi kuzuiwa na chura. Mwishoni tukaambiwa hakuna jibu sahihi. Ni kweli?

Jibu: Sikubaliani. Majibu yanayoweza kutetewa ni mengi, lakini yapo pia yaliyofikiriwa vibaya, na mwanachuo ana haki ya kuambiwa hivyo.

Kumbuka kilichotokea. Chura huyu mdogo wa manjano, anayezaa badala ya kutaga, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yakakatika. Vyura 499 wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia. Idadi yao ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Tangu 2012 wazao wa wale waliofugwa wamekuwa wakirudishwa nyumbani kwao.

Sasa ipimeni hoja yenu. Mliweka umeme upande mmoja na chura upande wa pili, mkalazimika kuchagua. Lakini umeme ulizalishwa, na wakati huohuo mabomba yakanyunyiza! Maswali yenyewe yalikuwa mengine: maji kiasi gani yaachwe mtoni? Nani alipie? Na kwa nini viumbe wa korongo walichunguzwa wakati ujenzi umeshaanza? Hili la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu chura alihukumiwa kabla hajajulikana hata jina.

Pia mlimpima kwa faida yake kwetu tu. Hoja ya faida ni halali, ila haiko peke yake. Mwanachuo wangu mmoja kutoka Tanga aliwahi kusema, "Yule ni amana, na mwenye kuwekewa amana ataulizwa." Darasa lilinyamaza. Hakuwa ametoka nje ya sayansi. Alikuwa amefika pale ambapo sayansi inamkabidhi mtu dhamiri yake.

Swali: Nikisema "nawaonea huruma", hiyo ni hoja au ni udhaifu?

Jibu: Ni hoja. Watafiti wa Marekani Troy Sadler na Dana Zeidler walionyesha mwaka 2005 kwamba wanafunzi wa chuo wanapoamua masuala ya sayansi yenye utata hutumia hoja za akili, huruma kwa wahusika, na hisia ya papo hapo, mara nyingi kwa pamoja. Huruma yako iulize swali moja: ni nani hujamwonea huruma?

Swali: Nauliza kwa nini tuliacha mifuko ya plastiki, darasa zima linajibu "faini".

Jibu: Marufuku ya Tanzania ilipoanza tarehe 1 Juni 2019 watu wengi wazima walijibu hivyo hivyo, kwa hiyo usiwakemee. Waulize: sheria ikifutwa kesho, utaurudia mfuko? Kwa nini? Hapo ndipo somo linapoanzia.

Swali: Nipo shule iliyo jirani na machimbo ya dhahabu. Baba wa wanafunzi wangu hunasia dhahabu kwa zebaki, kisha huichomea zebaki hiyo nyumbani ibaki dhahabu. Nisipendelee upande?

Jibu: Hapa usisimame katikati, mwanangu. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni, huumiza ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa mwaka 2013 wa kudhibiti zebaki umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako kiwanda kiliimwaga baharini na familia zikaila ndani ya samaki. Lakini usimfanye mtoto awe hakimu wa baba yake; mpe cha kupeleka nyumbani. Dhahabu isichomewe ndani wala kwenye chombo cha kupikia. Watoto na wajawazito wakae mbali. Kama wachimbaji wana kifaa cha kufunika kinachonasa mvuke, kitumike. Kisha mwombe mkuu wa shule awaite wazazi, uwaeleze mwenyewe, kwa adabu, bila kuwataja watoto wao.